Tangi la samaki likivuja: kutafuta tundu, kuokoa samaki na kuziba upya

Tangi la samaki likianza kuvuja, wengi hukimbilia duka la vifaa vya ujenzi, hununua silikoni ya kwanza wanayooneshwa na kuipaka kwa nje pale penye unyevu. Kesho yake maji yanatoka palepale, au pembeni kidogo. Wameanzia mwisho. Kazi hii ina mpangilio wake: umeme, kasi ya maji, kutafuta tundu, samaki, ndipo silikoni. Ukiufuata, mara nyingi utagundua kwamba kioo hakina kosa lolote.

Mfano nitakaoutumia ni tangi la kioo lenye urefu wa sentimita 90, upana 45 na kimo 45. Likijaa hadi ukingoni linabeba lita 182, yaani kilo 182 za maji peke yake, kabla hujaweka mchanga na mawe. Hesabu zake ni rahisi kuzibadilisha ziendane na tangi lako.

Umeme, kisha kasi ya maji

Kama sakafu imelowa na ekstensheni iko chini, usiishike. Zima kwenye mein swichi, halafu ndipo uchomoe plagi moja moja kwa mkono mkavu. Pampu, taa na hita vyote vizimwe kabla hujatia mkono ndani ya maji.

Hita ina sharti lake. Dar, Tanga na Mombasa wengi hawana haja nayo, lakini Nairobi, Arusha au Mbeya tangi la samaki wa maji ya joto haliendi bila hita. Ukiichomoa, iache ndani ya maji kama robo saa ipoe. Hita ya kioo ikibaki juu ya maji ikiwa bado ya moto hupasuka, na ikirudishiwa maji ghafla hupasuka vilevile.

Sasa pima kasi. Bandika kipande cha tepu kwenye kioo, sawa na usawa wa maji, uandike saa juu yake. Kwa tangi la mfano wetu, kila sentimita moja inayoshuka ni lita nne za maji. Likishuka sentimita moja kwa saa, una lita nne za kudeki kila saa, na kama unaishi ghorofani jirani wa chini ataanza kupiga hodi muda si mrefu. Hapo hakuna mjadala, toa maji. Likishuka milimita chache kwa siku una muda wa kufanya uchunguzi wa kutulia. Na kama maji yanapungua lakini kabati, ukuta na sakafu ni vikavu kabisa, hilo si vujo; maji yanapaa hewani, hasa tangi lisilo na mfuniko kwenye miezi ya joto.

Kuna jambo moja la kujua kabla hujaanza kupanga ndoo. Msukumo wa maji kwenye kioo unategemea kimo chake. Kioo cha mbele cha tangi hili, likiwa limejaa, kinasukumwa na nguvu inayokaribia uzito wa kilo 90. Ukishusha maji hadi nusu, nguvu hiyo haipungui nusu tu, inabaki robo. Kwa hiyo kushusha maji peke yake ni tiba ya dharura nzuri kuliko tepu, gundi au nta yoyote utakayobandika kwa nje, na samaki wanaweza kukaa humohumo siku moja au mbili ikiwa tundu liko juu. Kumbuka tu kwamba mdomo wa filta ukibaki juu ya maji, pampu itazunguka kikavu na kuungua.

Washukiwa wasio kioo

Anza na filta ya nje kama unayo, ile ya ndoo inayokaa chini kwenye kabati. Pitisha tishu kavu kwenye kila kiungo cha mpira na kuzunguka mfuniko wake. Raba ya mfuniko ikishika mchanga, ikikauka au ikijikunja wakati wa kufunga, maji hutoka tone kwa tone bila kelele. Isafishe, ipake mafuta ya silikoni kidogo (siyo mafuta ya kula wala grisi ya gari), kisha funga tena.

Mshukiwa wa pili anajulikana vizuri kwa watu waliozoea umeme kukatika. Pampu ya hewa ikikaa chini ya usawa wa maji, umeme ukikatika maji hurudi kwa mpira ule mwembamba wa hewa, huingia ndani ya pampu na kumwagika sakafuni. Usiku mmoja unatosha kushusha maji hadi pale jiwe la hewa lilipo, kile kijiwe cha mwisho wa mpira kinachotoa mapovu. Asubuhi umeme umerudi, mapovu yanacheza, na wewe unatafuta ufa ambao haupo. Dawa yake ni kuiweka pampu juu ya usawa wa maji, au kufunga vali ndogo ya njia moja kwenye mpira. Maduka ya samaki wa mapambo huwa nayo, na ni kifaa cha bei ndogo kuliko vyote kwenye tangi zima.

Wengine ni wadogo wadogo. Mapovu yanayorusha matone nje. Jani la mmea au kitambaa kilichoning'inia ukingoni, ambacho hunyonya maji ndani na kuyashusha nje. Waya wa pampu unaoshuka moja kwa moja hadi kwenye soketi. Huo usipokuwa na mkunjo unaoning'inia chini ya soketi, matone huufuata mpaka kwenye umeme, na hapo tatizo si kudeki tena. Jasho la kioo pia: kwenye unyevu wa pwani, ukibadilisha maji kwa maji baridi, nje ya kioo hulowa kana kwamba kinavuja. Futa, ngoja maji yapate joto la chumba, utaona halirudi.

Wenye tangi la maji ya bahari wana alama yao. Chumvi huacha ukoko mweupe kila maji yanapopita, na ukoko unaokua kutoka kwenye kiungo cha kioo ni ushahidi kuliko tone. Maji yasiyo ya bahari, yakiwa magumu, nayo huacha mstari mweupe wa chokaa, ila huchukua wiki nyingi kuonekana.

Kulitafuta tundu lenyewe

Maji yanapoonekana si lazima ndipo yanapotokea. Hutoka kwenye kiungo cha nyuma, hushuka na kona, hufuata ukingo wa chini, kisha hudondokea mbele kwa sababu sakafu imeinama kidogo upande huo. Ndiyo maana uchunguzi unaanzia kwenye tone na kupanda juu.

Kausha nje yote kwa taulo, pamoja na fremu ya plastiki kama ipo. Kata tishu nyembamba, uzibandike kwa tepu kwenye kila kona ya wima na kando ya ukingo wa chini, pande zote nne. Ukipenda nyunyiza poda ya mtoto chini ya ukingo. Tone la kwanza litaacha njia yake. Kisha ondoka. Rudi baada ya saa moja ukiwa na tochi. Tishu iliyolowa juu zaidi kuliko zote ndiyo inayosema kweli.

Kama bado huoni, acha maji yashuke yenyewe. Yatakapoacha kushuka, tundu liko kwenye usawa huo. Weka alama kuzunguka tangi lote, na sasa una mstari mmoja tu wa kuukagua.

Kagua silikoni ya ndani kwa karibu, tochi ikimulika kwa ubavu. Silikoni nzima inang'aa na imeshika kioo bila hewa. Iliyochoka ina madoa meupe kama ukungu kati yake na kioo, au uzi wa kijani: mwani umeingia nyuma ya silikoni. Mwani ukifika huko ujue mahali hapo hapajashika tena, hata kama leo hapavuji. Pitisha pia ukucha juu ya kila mstari unaoutilia shaka kwenye kioo. Mkwaruzo hauendi mbali. Ufa huukamata ukucha na mara nyingi unaonekana kwa upande wa pili.

Kuwahamisha samaki

Tumia ndoo, beseni kubwa au boksi la povu kama la wauza samaki, ambavyo havijawahi kuguswa na sabuni. Boksi la povu ni zuri kwa sababu joto halibadiliki haraka, ila lisiwe na harufu.

Jaza vyombo kwa maji ya tangi lenyewe, siyo ya bomba. Toa mimea, halafu mawe na magogo, na samaki wawe wa mwisho. Kumkimbiza samaki kwa wavu kati ya mawe ni kumchosha yeye na wewe. Usijaze ndoo zaidi ya theluthi mbili. Weka jiwe la hewa, funika kwa neti au kanga, maana samaki mwenye hofu anaruka. Usiwalishe siku ya kwanza na ya pili. Samaki mzima mwenye afya hadhuriki kwa kukosa chakula siku mbili, lakini maji machache yenye mabaki ya chakula yataharibika upesi.

Kama unafuga mbuna, wale samaki wagomvi wa mawe wa Ziwa Nyasa, usiwarundike madume kwenye beseni tupu. Tia vipande vya bomba la plastiki wapate pa kujificha. Samaki aina ya betta, kila dume na chombo chake.

Kinachosahaulika zaidi ni sponji za filta. Bakteria wanaoondoa sumu ya kinyesi cha samaki wanaishi humo, na wanahitaji hewa. Filta iliyofungwa na kuzimwa huishiwa oksijeni ndani ya saa chache, bakteria wanakufa, na tangi lako likishapona samaki wanafia kwenye maji yanayoonekana safi. Fungulia filta, toa sponji, ziweke kwenye ndoo ya samaki yenye mapovu. Usizisuuze kwa maji ya bomba; klorini itawaua wote.

Kuziba au kutupa?

Kiungo kimoja kinachovuja kwenye tangi lenye kioo kizima kinazibika nyumbani. Kioo chenye ufa sikushauri ukipake silikoni tu juu yake. Kama ni kioo cha ubavu, fundi wa vioo anaweza kukiondoa na kuweka kingine chenye unene uleule. Kama ni cha chini, kwanza tafuta aliyekipasua: meza iliyopinda, chembe ya mchanga iliyobaki chini ya tangi, au jiwe lililoanguka. Hao mbuna nao wanapenda kuchimba. Jiwe lililowekwa juu ya mchanga litachimbwa chini yake hadi lianguke kwenye kioo, kwa hiyo mawe hutangulia, yakakaa juu ya kioo kwa wavu wa plastiki katikati, na mchanga hufuata.

Tangi la akriliki, yaani plastiki ngumu inayong'aa kama kioo, ni habari nyingine. Silikoni haishiki akriliki vizuri, na asetoni huifanya ijae nyufa na kuwa nyeupe. Lina gundi yake na linahitaji mtu anayelijua. Tarehe 16 Desemba 2022 tangi kubwa la akriliki liitwalo AquaDom, lenye maji kama lita milioni moja, lilipasuka ndani ya hoteli jijini Berlin na kufurika hadi barabarani.

Tangi lenye kimo kinachozidi sentimita 60 mpe fundi. Silikoni utaipaka vilevile, lakini ukikosea maji yanayoingia sebuleni ni mengine kabisa.

Vifaa

Silikoni iwe asilimia 100, ya kioo, inayonuka siki ikiwa mbichi. Soma lebo. Ikiwa imeandikwa kwamba inazuia kuvu au ukungu, ile ya jikoni na bafuni, iache. Dawa iliyomo inaua samaki. Zile zinazoandikwa kwamba zinakubali kupakwa rangi juu yake nazo huwa ni za akriliki, hazifai. Angalia tarehe ya mwisho: silikoni iliyopitwa hukaa kama ulimbo bila kukauka. Mafundi wa aluminiamu na vioo huuza nzuri, mradi umwambie wazi ni ya tangi la samaki.

Kwa tangi la mfano, viungo vya ndani vyote vina urefu wa mita 4.5, na tyubu moja ya mililita 300 hivi inatosha na kubaki. Ongeza bunduki yake ya kuikamulia, nyembe kadhaa, tepu ya karatasi, asetoni au spiriti, glavu na tishu nyingi. Asetoni ya kuondolea rangi ya kucha huwa na mafuta na manukato. Nunua ile tupu, na usiitumie karibu na moto.

Kukwangua

Silikoni mpya haishiki silikoni iliyokwisha kukauka. Kwa sentensi hiyo utaelewa kwa nini kiraka kilichopakwa juu ya cha zamani hudumu wiki mbili, na kwa nini nashauri kuondoa silikoni yote ya ndani hata kama kona moja tu ndiyo inavuja. Na inakwanguliwa ya ndani, siyo ya nje: silikoni ya ndani inakandamizwa na maji kwenye kioo, ya nje inasukumwa itoke.

Tangi likiwa tupu na kavu, laza wembe karibu sawa na kioo na uupitishe kwa mwendo mrefu, kwanza upande mmoja wa kona kisha mwingine. Silikoni itatoka kama utepe. Acha ile nyembamba iliyobanwa katikati ya vioo viwili. Hiyo ndiyo inayoshikilia tangi lisimame, na wembe ukizama humo umelibomoa. Ikiwa yenyewe imejaa mwani, basi vioo vinapaswa kutenganishwa vyote, na hiyo ni kazi ya fundi.

Ukimaliza kukwangua, kwangua tena. Utando usioonekana hubaki, lakini kidole kikavu kinausikia: mahali penye silikoni kinakwama, kwenye kioo kitupu kinateleza. Futa kwa asetoni, badilisha tishu kila mara, mpaka kidole kiteleze kila mahali. Kuanzia hapo usiguse tena kwa mkono mtupu.

Kupaka

Bandika tepu pande zote mbili za kila kona, milimita 8 hivi kutoka kwenye kiungo. Kata mdomo wa tyubu kwa mshazari, tundu la kama milimita 5. Fungua madirisha, ile siki inawasha macho.

Anza na kona nne za wima, malizia na za chini. Pitisha bunduki kwa mwendo mmoja usiokatika, halafu sawazisha kwa kidole chenye glavu, ukikandamiza ili silikoni iingie na kutoa hewa. Usipake sabuni kidoleni kama wafanyavyo wa bafu. Baada ya dakika tano hadi kumi juu inaanza kuota ngozi, na kwenye unyevu huwahi zaidi, kwa hiyo tepu itoke silikoni ikiwa bado mbichi. Ukichelewa, utaing'oa na silikoni yako. Mkiwa wawili, mmoja anapaka, mwingine anasawazisha na kung'oa tepu, kazi inakuwa nusu saa. Ukiona shimo la hewa baada ya ngozi kuota, liache kama ni dogo; kulichokonoa ni kulikuza.

Kukauka na kujaribu

Silikoni ya aina hii hukauka kwa unyevu wa hewa, kutoka juu kwenda ndani, milimita mbili au tatu kwa siku. Dar hukauka vizuri, Dodoma wakati wa kiangazi huchukua muda zaidi. Jua kali na feni ya nywele hukausha ngozi tu. Saa 48 ndicho kiwango cha chini ninachokubali, siku tatu ni bora, na wiki nzima kama umepaka nene. Weka pua ndani ya tangi: siki ikinuka bado, bado.

Jaribu nje au bafuni, kivulini, juu ya ubao ulionyooshwa kwa pima maji (kile kifaa cha fundi cha kuonyesha usawa), na chini yake utandike kadibodi. Kadibodi hubadilika rangi kwa tone moja. Jaza theluthi, ngoja saa mbili. Jaza theluthi mbili, ngoja tena. Kisha ujaze kabisa na uliache siku mbili. Usilisogeze likiwa na maji, hata kidogo. Kioo cha chini kikipinda kwa kunyanyuliwa upande mmoja, kazi yote imeisha. Maji hayo yamwage, usuuze mara mbili, ndipo tangi lirudi ndani.

Kulirudisha

Pima maji iwekwe kwenye kabati kwa urefu na kwa upana. Tangi lisilo na fremu hukalia povu jembamba gumu la kusawazisha. Lenye fremu ya plastiki halihitaji, kwa sababu fremu ndiyo inayobeba.

Rudisha maji ya zamani uliyoyahifadhi, ongezea mapya yaliyotolewa klorini na yenye joto linalolingana. Washa filta yenye sponji zilezile, na hita baada ya maji kuifunika. Samaki waingie siku hiyohiyo, wapewe chakula kidogo kuanzia kesho yake. Wakipanda juu kuhemea hewa ndani ya wiki ya kwanza, badilisha robo ya maji na uongeze mapovu, bakteria wamepungua.

Acha karatasi nyeupe chini ya kila kona kwa mwezi mmoja, uzitazame ukiwalisha. Tyubu iliyobaki itagandia mdomoni, na hilo ni kawaida: ukiihitaji, kata mdomo au chomoa kigogo kilichokauka, ukitazama tarehe ya mwisho kwanza. Itakufaa kwa sinki, lakini kwa tangi jingine nunua mpya.